"Sisi" ya gari la kampeni

Wasomaji wenzangu, katika kijarida chetu tumezoea kuchambua mashairi, nyimbo, na mara moja moja filamu. Leo naomba nichambue gari la kampeni. Najua wapo watakaosema hiyo si fasihi. Mimi naona ina msomaji, ina kiitikio, ina wasikilizaji wanaoondoka wakichoka, na ina mtu anayelipa. Mashairi yetu mengi humu hayana hiyo ya mwisho.

Niko Katwe. Si ile Katwe ya Kampala iliyotengenezewa filamu ya binti mcheza chesi. Hii ni Katwe ya Kasese, kwenye ziwa la chumvi, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, ambako usiku unamsikia kiboko kabla hujamsikia mlevi. Kazi yangu ni vijana: mpira, kusoma pamoja jioni, kuwaandikia watu barua, kutuliza ugomvi. Nilivuka Mpondwe mwaka 2019 kutoka Beni nikiwa na begi moja na diploma ya sekondari ndani ya nailoni. Kampeni nilizozisikia hapa kwa masikio yangu ni mbili: ile iliyoishia Januari 2021, na ile iliyoelekea kwenye kura ya tarehe 15 Januari 2026. Kwa hiyo mimi si mzee wa mambo haya. Ila nimesikiliza sana, kwa sababu mtu asiyepiga kura ana nafasi ya kusikiliza mpaka mwisho.

Nianze na sarufi, manake huko ndiko uongo unakojificha vizuri. Gari likipita na ahadi, sikiliza vitenzi. Kiwanda kitafufuliwa. Barabara itawekwa lami. Waya wa kuzuia tembo utavutwa. Zahanati itaongezwa dawa. Kila kitu kinatendwa, lakini mtendaji hayupo. Nani atafufua? Nani atavuta huo waya? Halafu likigeukia mpinzani, ghafla watendaji wanajaa: yule alikula, yule aliuza, yule alikimbilia Kampala akatusahau. Katika kampeni hiyo ya pili niliwapa vijana wangu kazi, wachukue daftari, wahesabu. Kwa magari matatu waliyoyasikia, hawakupata ahadi hata moja yenye mtu anayeitenda, isipokuwa moja tu: "Nitawanunulia jezi." Na jezi zilikuja kweli. Kumbe mgombea akitaja nafsi yake anajua amejifunga.

Hicho kiwanda kinastahili aya yake. Wageni wanaokuja kupiga picha ziwa wanakiona, mabati na vyuma vyenye kutu. Wajerumani walikijenga zaidi ya miaka arobaini iliyopita ili chumvi isichotwe tena kwa mikono. Maji ya ziwa letu ni makali, yakatafuna mabomba mapema sana, kikasimama. Mpaka leo akina mama wanaingia vidimbwini na wanaume wanaingia ziwani kukata chumvi ya jiwe, ngozi zinachubuka, na malori yanapakia kama kawaida. Chumvi hii imewavuta wakubwa tangu zamani. Hata Kapteni Lugard alipopita huku mwaka 1891 alijenga ngome yake papa hapa. Sasa, kama fasihi, kiwanda kile ni mhusika mzuri mno. Kimekufa, kwa hiyo hakiwezi kumkana mtu. Kinaonekana kutoka barabarani, kwa hiyo mgombea haitaji kueleza, ananyoosha kidole tu. Na kila mtu mzima anamkumbuka ndugu aliyewahi kuahidiwa kazi pale. Katika kampeni zote mbili nilizozisikia kimefufuliwa mara nyingi kuliko Lazaro. Sijasikia hata mgombea mmoja akiuliza mabomba mapya yatakuwa ya chuma gani.

Picha za ukutani nitazipitia haraka. Zote ni moja: suti, mkono juu, rangi ya chama, jina kubwa kuliko uso. Baada ya kura zinaziba matundu ya jikoni. Kwa mama mmoja jirani yangu kuna mheshimiwa ambaye moshi umemfanya mzee kabla ya wakati wake.

Kinachonishika mimi ni neno dogo: sisi.

Kiswahili hakina ukuta ndani ya "sisi". Nikikwambia "sisi tutakula", hujui kama umealikwa au unaambiwa ukae pembeni utazame. Mgombea anaishi humo. Anasimama sokoni Mpondwe, ambako mto Lhubiriha ndio mpaka, na upande huu na ule watu wanaongea karibu lugha moja, huku wanaitwa Wakonzo, kule wanaitwa Wanande, na wanazikana. Anasema "sisi watu wa mpaka". Kila mtu anapiga makofi. Mwenye kadi ya kura, mwenye kitambulisho cha ukimbizi, aliyekuja kuuza vitenge na kurudi jioni, wote. Umati ukipigwa picha unapendeza. Lakini sisi ya mwezi wa kwanza wa kampeni si sisi ya wiki ya mwisho. Kadiri kura inavyokaribia, neno linabana. Linakuwa sisi wenye kadi. Halafu sisi wa chama. Halafu sisi wa ukoo huu. Na akishindwa, sisi wengine tunatoka kabisa ndani ya neno na kugeuka sababu: "Wakongo waliharibu."

Katika nchi nyingine hayo yangekuwa maneno tu. Kasese si mahali ambapo maneno ni maneno tu. Tarehe 27 Novemba 2016 jeshi na polisi waliingia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na katika siku zile watu zaidi ya 100 waliuawa. Omusinga Charles Wesley Mumbere alikamatwa. Mashtaka yake yalifutwa mwaka 2023 na ndipo akarudi nyumbani. Kampeni ya 2020 ilifanyika yeye akiwa bado mbali na milima yake, na nilipokuwa mgeni hapa sikuelewa kwa nini mgombea akitamka "sisi" wazee fulani hawapigi makofi, wanainamisha kichwa. Siku moja mzee mmoja tunayeokota naye kuni akaniambia, "Mwanangu, wewe unasikia neno. Mimi nahesabu waliokuwemo."

Ili msiseme namwonea mgombea mdogo wa kijijini, nichukue mkubwa. Huyu hakuna asiyemjua Bwera: Dkt. Crispus Kiyonga. Katika uchaguzi wa Desemba 1980 chama kipya cha UPM kilipata kiti kimoja tu nchi nzima, na kiti hicho kilikuwa cha Kiyonga, kutoka Kasese. Kiongozi wa chama chenyewe, Yoweri Museveni, alishindwa kwao na Sam Kutesa wa DP. Hebu fikiria hapo kidogo. Aliyeshindwa akaenda msituni, mwaka 1986 akashika nchi, na baadaye hata huyo Kutesa aliyemshinda akawa waziri wake. Aliyeshinda, yaani Kiyonga, naye akawa waziri, wa fedha, wa afya, kisha wa ulinzi kuanzia 2006. Hadithi kama hiyo ukiiandika kwenye tamthilia mwalimu angekukatia alama, angesema haiaminiki.

Kwetu sisi wa upande wa pili Kiyonga alikuwa sauti ya redioni. Mwishoni mwa 2012 na mwaka mzima wa 2013 yeye ndiye aliyekaa katikati kwenye mazungumzo ya Kampala kati ya serikali ya Kinshasa na M23. Nilikuwa mtoto Beni. Mzee wangu aliweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa ili isikike vizuri, na jina "Kiyonga" lilitamkwa nyumbani kama jina la mjomba tajiri ambaye labda atatuma kitu. Hatukujua kwamba nyumba yake iko karibu hivyo, kwamba tungekuja kununua ndizi kwenye soko lake.

Februari 2016 huyo aliyepatanisha majeshi alishindwa kiti cha Bukonzo West na Godfrey Atkins Katusabe wa FDC. Mwaka ule FDC walizoa karibu viti vyote vya Kasese, na Winnie Kiiza, mbunge mwanamke wa wilaya tangu 2006, akawa kiongozi wa upinzani Bungeni. Kiyonga akatumwa China kuwa balozi. Nimewauliza watu wa Bwera, wa chama hiki na kile, ilikuwaje. Wengi hawakunitajia sera. Walisema: alikuwa akiongea na sisi kama mtu anayetoa ripoti. Mama mmoja muuza maharage alisema vizuri zaidi, kwamba mzee alipokuwa kijana alisema "sisi" na alipokuwa waziri alisema "serikali". Mimi sikuwepo, siwezi kuapa kwamba ndivyo alivyosema. Hata hivyo kama mchambuzi naamini sikio la mama yule kuliko maelezo ya redio. Na haki itendeke: mtu anayesema "serikali imefanya hivi" angalau ametaja mtendaji. Huenda aliadhibiwa kwa sarufi safi.

Winnie Kiiza naye ananivutia kwa jambo tofauti. Uchaguzi wa 2021 hakugombea tena. Aliondoka mwenyewe, kabla ya kutolewa. Kwenye fasihi ya kampeni hatuna wimbo wa mtu anayeondoka, kuna wa kuingia tu na wa kuibiwa.

Sasa nifike mahali ambapo nilitaka nisifike.

Kampeni ya 2020 ilikuwa ya korona. Wakaiita kampeni ya kisayansi: mikutano mikubwa marufuku, watu wasizidi 200, kwa hiyo kazi yote ikawa ya redio na magari yenye spika. Mgombea mmoja wa ngazi ya wilaya, simtaji na chama chake sikitaji, alitaka mtu wa kusoma kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa ziwani. Wakala wake alinijia, "Mwalimu, wewe una Kiswahili cha shule." Nikakataa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iko wazi kwamba mkimbizi asijiingize katika siasa ndani ya Uganda, iwe ya kijijini au ya taifa. Nilikuwa nimeisoma, nilikuwa hata nimewafundisha vijana. Nikajiona mwerevu.

Wakala akaenda kwa kijana wangu mmoja. Nitamwita Kadogo, si jina lake. Alikuwa na miaka 18, sauti nzito, mama mgonjwa. Walimpa shilingi 10,000 kwa siku na soda. Akaja kwangu usiku na karatasi: "Yaya, nisaidie, hii Kiswahili haitembee." Na kweli haikuwa inatembea. Ilikuwa Kiingereza kilichovaa kanga. "Mgombea wetu amejitolea kwa dhati kuleta maendeleo endelevu kwa wananchi wote." Ningeweza kumwambia aache. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetimiza wajibu. Halafu nikachukua kalamu.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilifurahia. Niliketi na taa ya simu mpaka saa sita nikafuta maendeleo endelevu na kuandika: "Sisi wa ziwani hatuulizani tumetoka wapi. Tunaulizana chumvi leo ni bei gani." Ni sentensi nzuri, bado naipenda. Ni kweli pia, ndivyo tunavyoishi hapa chini. Kadogo akaisoma wiki tatu juu ya pikapu, na watoto wakaishika, ikawa wimbo wa kuruka kamba. Mgombea mwenyewe akaanza kuisema. Nilimsikia siku moja na nikajua kwamba anaisema bila kuielewa, kwa sababu alituliza sauti kwenye "ziwani", siyo kwenye "hatuulizani".

Akashindwa. Watu wake wakasema Wakongo walikula pesa wakampigia mwingine. Watu wa mshindi wakasema yule jamaa alitaka kuingiza Wakongo wapige kura, na ushahidi upo, si mlisikia gari lenyewe, "hatuulizani tumetoka wapi"? Pande mbili zilizokuwa haziongei zikakubaliana juu ya jambo moja. Vijana sita walimkuta Kadogo kwenye chumba alichopanga Bwera. Hawakumuumiza sana. Walichukua simu, wakachukua kitambulisho chake cha ukimbizi, wakamwambia aende akawaulize watu wa ziwani ametoka wapi. Maneno yangu hayo, yamegeuzwa tu. Alifika kwangu Katwe kwa miguu sehemu ya njia, akasema, "Yaya, banasema niko naiba kura. Mi sina hata kadi."

Kupata kitambulisho kingine kulichukua miezi. Katika miezi hiyo hakuweza kupanda basi kwenda Kasese bila kuogopa kizuizi cha barabarani, na mama yake alikuwa akihitaji dawa za huko. Mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kumchukulia. Sikumwambia mtu kwamba sentensi ile ni yangu. Leo nasema. Kadogo amesoma ukurasa huu kabla ya ninyi, na ameniruhusu.

Nikijichambua kama ninavyowachambua wengine, kosa la sentensi ile si uongo. Kosa ni kwamba niliiandika kwa "sisi" ya jioni, tunapokaa ufukweni baada ya kazi, nikamkabidhi mtu ambaye "sisi" yake ina tarehe ya mwisho. Na nilimpa kijana asiye na kinga aibebe kwa sauti yake, mimi nikabaki na kalamu yangu gizani. Wakala alinilaghai kidogo tu. Kilichonilaghai zaidi ni raha ya kusikia maneno yangu kwenye spika.

Labda kuna sababu nyingine, na wasomaji wa kutoka Beni na Butembo wataielewa haraka. Kura ya tarehe 30 Desemba 2018 kwetu ilifutwa siku nne kabla, eti Ebola na usalama. Kampeni ilikuwa imekwisha kufanyika! Mabango yalikuwa ukutani, wagombea walikuwa wamekuja wakatuita sisi. Siku yenyewe watu wa Beni walitengeneza kura yao wenyewe, karatasi zao, masanduku yao, wakapanga mstari. Yaya wangu wa kike alinawa mikono, akapanga mstari, akapiga. Alijua haihesabiwi. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019 bila karatasi ile. Nilimuuliza sababu ya kujichosha juani, akanijibu kwamba ameitwa, basi ameitika. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Rutshuru na Masisi kuachwa nje kwa sababu ya vita, na baadhi ya vijana ninaocheza nao mpira hapa wametoka huko. Ndiyo kusema kuna watu wazima kwenye timu yangu ambao wamehutubiwa maisha yao yote na hawajawahi kuhesabiwa popote, kule wala huku. Mtu wa namna hiyo ukimpa "sisi" hata ya kuazima, anaipokea kwa mikono miwili.

Niliposoma Song of Lawino ya Okot p'Bitek, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, sehemu ya vyama ilinisimamisha: Ocol na ndugu yake wa tumbo moja, kila mmoja na chama chake, hawaingii nyumba moja tena. Kitabu cha 1966. Lawino anauliza maswali ya mke, ya jikoni, na ndiyo maswali bora ya siasa mle ndani. Nilitamani Okot awe amempa Lawino jirani mmoja wa ng'ambo ya mpaka, anayeazima moto na kusikiliza ugomvi ule mlangoni. Huyo angekuwa mimi.

Kampeni ya pili ilipoanza, magari yalirudi. Safari hii niliwaambia vijana mapema na kwa sauti ya juu, niliwasomea kile kifungu cha sheria, na wakala mmoja aliyekuja nilimpokea nje, mbele ya watu. Wawili walinikasirikia, 10,000 ilikuwa siku mbili za kubeba chumvi. Sikuwa na cha kuwapa badala yake, na hilo walilijua.

Siku moja lilipita gari asubuhi, msomaji mgeni, Kiswahili cha karatasi. Kadogo alikuwa anapakia magunia kwenye lori la Mpondwe. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Anakimbia mno," akasema. "Hapa lazima ungoje upepo wa ziwa upite, ndo usome."

Kisha dereva akapiga honi, akainama akachukua gunia lingine.